Kapo ya Lambert Inangaa Ndani

Bunia muzima, hakuna mutu anapenda sifa kupita yaya Lambert, kaka mukubwa wa mutaa yetu Ngezi! Akipiga chafya, anataka batu bapige makofi.

Na ile Pejo yake ya zamani, anasemaka kama malaika bangekuwa na gari, bangekuja kuazima yake. Mutu wangu, ile gari iko na umuri sawa na baba yake. Lakini baba yake angalau anaamukaka asubui bila kusukumwa!

Sasa jirani yetu, Mama Kahindo, alikuwa anaolesha binti yake mukubwa, Prudence. Lambert yeye alikuwa anakufa juu ya mudogo, Glodie. Akakimbia kwa mama.

"Mama, Prudence hawezi kwenda kanisa na pikipiki kama gunia ya muhogo! Nitamupeleka na Pejo."

"Sawa. Ukimufikisha muzuri, utaleta bazee bako tuongee juu ya Glodie. Ukinipatisha haya, nisione tena miguu yako kwangu!"

Mutu wa akili angefanya nini? Angeangalia maji ya radiateri. Lambert? Akaenda soko, akanunua rangi nyeupe ya mafuta, ile ya milango, na burosi!

Ilibaki siku moja tu ndoa ifike. Nikamukuta ameinua kapo, kile kifuniko ya injini, na kijiti, kichwa ndani sawa mutu anamezwa na mamba.

"Yaya, unafanya nini?"

"Napakala kapo."

"Mbona juu iko kutu tupu?"

"Napakala ndani, kijana! Chini yake!"

"Ndani? Nani ataona?"

"Weye haujui maisha! Mutu wa kweli anavaaka hata kalsoni ya ndani safi. Tukifika kanisa, nafungua kapo mbele ya bote. Bataona Lambert iko safi mpaka ndani!"

Safi gani? Hakuosha, hakukwangula. Akapakala juu ya masizi, juu ya mafuta, juu ya buibui mumoja mwenye hakuamuka mapema. Rangi nene sawa uji ya mutoto! Akapita mpaka ku mupaka, fasi, pale kapo inalalaka ikifungwa.

Pale pale lori ikapita. Vumbi nyekundu, puuu!

"Rangi yangu!" Lambert akatoa kijiti, akafunga kapo, pwaa!

"Yaya! Haiyakauka! Itashikana!"

"Ndani iko joto, itakauka vizuri. Weye haujui gari, unajua tu kusukuma."

Eh! Damu ikanipanda mpaka ku masikio. Mi ndiye nasukumaka kila siku! Nikaondoka kabla sijamuvunjia ile burosi ku kichwa.

Siku ya ndoa, nani alisukuma? Mimi! Kisha nikaruka mbele, karibu na Lambert, maana musukumaji haachwake nyuma. Bibi arusi, mama yake na Glodie banakaa nyuma. Lambert anapiga honi hata kwa mbuzi.

Tukafika ku mupando ya kilima. Moshi nyeupe ikatoka mbele, fyuuu!

"Ile nini?" Mama Kahindo akauliza.

"Gari inapumua tu, mama."

"Inapumua ao inakata roho? Simama! Fungua, tutie maji!"

Lambert akashuka, akavuta kapo. Bure. Nikavuta na mimi. Bure. Bamotari batatu bakasimamisha bapikipiki yabo, mumoja akaweka muguu ku bampa ya mbele, tukavuta bote. Gari muzima inatikisika, Prudence ndani anaruka-ruka sawa anacheza mbele ya pasta.

"Dereva," motari mumoja akasema, "ile si kapo, ni kaburi!"

Mama Kahindo akatoa kichwa ku dirisha. "Juu ya nini haifunguke?"

"Nili... niliipakala rangi, mama."

"Rangi gani? Mi naona kutu."

"Ya ndani, mama. Nyeupe pe! Muzuri sana!"

"Mutoto yangu anatoka jasho mu shela, pasta anangojea, na weye unapakala rangi fasi ya panya kuangalia?"

Hakungojea jibu. Prudence akakunja nguo yake, akapanda pikipiki ya kwanza. Mama akapanda ya pili. Motari wa tatu akapangusa kiti na mukono ya shati yake, akamuchekea Glodie, naye akashuka, akamufuata.

"Glodie!" Lambert akalia. "Ngoja kidogo! Nikifungua utaona, Bunia hakuna kapo sawa hii!"

Glodie akarudi. Akainama, akachungulia fasi moshi inatokea.

"Iko muzuri kweli, ee?"

"Muzuri, mupenzi! Inangaa!"

"Basi, oa kapo."