Malalamiko Kuhusu Idara Iliyosikiliza Niliyosema

Mji wa Kuikkalampi, Finland

Kwa Mkuu wa Idara ya Kinga ya Maradhi

Bibi Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema na kahawa ya moto. Mimi ni Urpo Kettukangas, fundi bomba mstaafu, niliyeishi kwa amani hadi idara yako iliponisikiliza.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, mtafiti wenu, Bi Henriikka, alikuja nyumbani kuniuliza kwa nini wanaume wa hapa hatutumi ile sampuli ya choo ya kupima saratani ya utumbo. Mnatuletea kichupa, mtu anatia kidogo, anafunga bahasha, anaipeleka posta. Nikamjibu kwa adabu, "Binti yangu, Veijo anayekusanya barua huketi pamoja nami katika mvuke wa sauna kila Jumamosi. Nitamtazamaje usoni?" Akacheka, akaandika, akanywa kahawa, akaaga. Nikadhani yameishia hapo, kama tafiti nyingine zote. Wapi! Ndiyo maana nalalamika:

1. Mliyatumia majibu yangu. Miaka yote mlitubandikia picha ya daktari anayetabasamu na tufaha mkononi: "Jali Afya Yako." Ilikuwa picha nzuri, haikumsumbua mtu. Sasa mmebandika mtu wa posta anayesema, "Mimi nabeba bahasha tu. Ni ya nani, sijui, na wala sitaki kujua." Mke wangu Raili aliliona bango hilo dukani, akacheka hadi akaegemea friji la maziwa. "Urpo, si wewe huyu uliyesemwa hapa?" Watu wakageuka.

2. Hamkutosheka. Mliwagawia wenzenu! Bi Henriikka aliniambia kwa furaha kwamba matokeo, bila majina, yamepelekwa miji ya jirani, maduka ya dawa na chama cha wagonjwa wa saratani, ili kila mmoja asianze kuuliza upya. Kwani kuuliza upya kuna ubaya gani? Kila idara ilikuwa na haki ya kukosea kivyake. Leo aibu yangu imefika hadi kaskazini kabisa, ambako mimi mwenyewe sijawahi kufika.

3. Wanaume wameanza kuongea. Saunani tulikuwa tunakaa kimya, raha mustarehe, neno letu kubwa likiwa "Mwaga maji kwenye mawe." Sasa rafiki yangu Tauno anauliza mbele ya wote, "Jamani, hivi nyie mlifanyaje, mliweka karatasi kwanza?" Bibi Mkuu, hilo si swali la kumwuliza mtu aliye uchi.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Tauno huyohuyo alituma bahasha yake kwa sababu ya lile bango. Akaitwa hospitali, akakutwa na kijiuvimbe, wakakitoa kabla hakijageuka kuwa balaa. Alipokuwa akinisimulia, sauti ilimkatika, akanikumbatia. Tumejuana tangu shule ya msingi na tulikuwa hatujawahi kukumbatiana, hata timu yetu ya hoki ilipotwaa ubingwa wa dunia. Nikasimama kama nguzo ya umeme, mikono sijui niipeleke wapi. Kisha na mimi machozi yakanitoka, hadharani, mbele ya benki. Nani atanifidia?

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote: tafiti zenu zifungiwe kabatini, kila idara ibahatishe peke yake, na daktari wa tufaha arudishwe kazini. Mkishindwa, basi msituulize kabisa. Na kama ni lazima mtuulize, tafadhali msisikilize.

Nisalimie Bi Henriikka, karani wako wa mapokezi, na yule kijana aliyelibandika bango kombo.

Wako mwenye kinyongo,
Urpo Kettukangas

N.B. Nami nilituma yangu. Majibu yamekuja, sina kitu. Ila ndugu yangu Aimo, huko mji wa pili, bado anakataa. Yeye hana aibu hata kidogo, ana woga. Juzi kwenye simu aliniambia, "Wakinipima watanikuta nacho." Kwa hiyo mtu wa posta hatamsaidia. Mwonyesheni mtu kama Tauno, aliyekutwa nacho na sasa anachoma soseji zake. Waambieni na wenzenu wa huko, upesi. Na jina la Aimo litajeni.