Namba ya Bosi wa Zamani

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kafaulu usaili wa bohari la dawa! Mwaka na nusu tangu duka alilokuwa akifanyia kazi lifungwe, hatimaye! Nikapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kisha akatoa karatasi: atie saini, wamchunguze alikotoka. Wamchunguze! Hata mchumba hachunguzwi hivyo. Akasema tulia mama, bila saini yake hawaruhusiwi, na wakikuta doa lazima wamwonyeshe kwanza, ajitetee, kabla ya kumnyima kazi. Imeandikwa humo humo. Doa! Kwa mtoto niliyemzaa mimi!

Jumatano, 5 Machi
Sijatulia. Kwenye fomu kamtaja bosi wake wa zamani amsemee. Yule mzee! Anatoa maneno kama anang'olewa jino. Atamponza mwanangu. Namba yake iliandikwa kwa penseli. Binti akipiga pasi, nikaifuta, nikaweka ya kisimu changu kidogo. Kusoma kwangu ni kwa kusukuma, lakini namba naziweza. Fundi cherehani, jirani yangu, nikamwambia naye akiulizwa amsifu. Akajibu atasema ukweli. Ukweli! Tangu tugombanie kamba ya nguo, yule ana lake jambo.

Ijumaa, 7 Machi
Wamepiga! Mikono yote povu la sabuni. Nikakaza sauti, nikawa bosi mwanamume. Nikasema binti huyu kanifanyia kazi miaka kumi na miwili, hajaugua hata siku moja, wala chakula cha mchana hali. Dada wa simu akarudia: kumi na miwili? Akauliza umri wake. Ishirini na mitatu, nikajibu kwa fahari. Akashukuru. Mama ni mama!

Jumanne, 11 Machi
Barua. Aliyemsemea haaminiki, ati. Bado hawajaamua, ana siku tano za kujibu. Binti kakaa kitandani, hata viatu hajavua. Nani kamchafua mwanangu? Nilijua! Nikavuka ua, nikamwaga yote mbele ya wateja wa fundi: mnafiki, hasidi, na kamba ya nguo nikaitia humo. Akaniacha nimalize. Akaiomba barua, akaisoma kwa sauti mpaka kwenye namba waliyopiga. Akasema shoga, hii si simu yako?
Nikaomba maji.

Jumatano, 12 Machi
Nimekiri. Binti kalia, kisha kaketi na fundi wakaandika majibu, na namba ya kweli ya mzee. Mimi nilikatazwa hata kushika bahasha.

Jumatatu, 17 Machi
Kapata kazi! Mzee kasema maneno mawili tu: mwaminifu, mchukueni. Fundi nimemwachia kamba nzima.
Lakini hasira haijaisha. Wao wamemchunguza mwanangu. Wao nani kawachunguza? Namba ya meneja iko kwenye barua. Nikapiga, sauti nzito, nikajitambulisha: mkaguzi wa mabohari. Je, wafanyakazi wanapewa muda wa kula? Vyoo vinafungika? Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema shikamoo, mama.
Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.
Simu hii mbovu, inanitolea sauti ya kike. Kesho naazima ya fundi.