Njegere Zangu na Vikabichi vya Mama Mkwe

Jumatatu, 19 Desemba

...na hata kama njegere zangu zinatoka kwenye friza, bado nasema zina haki ya kukaa mezani siku ya Krismasi. Jana nilimwambia mama mkwe hivyo hivyo. Leo narudia hapa, ambapo hakuna wa kunikatiza.

Lakini kwanza nifurahi kidogo. Mimi ni mke! Mke wa Clifford! Tangu Oktoba! Asubuhi alikuwa ananyoa ndevu huku akiimba, povu limemjaa sikioni, nami nikasimama mlangoni kumtazama mpaka mkate ukaungua. Tukaula hivyo hivyo. Mtamu ajabu.

Sasa njegere. Hii ni Krismasi yangu ya kwanza hapa Yorkshire, na tutakula kwa wazazi wake. Niliomba niruhusiwe kuleta chakula kimoja. Mboga tu. Nataka pale mezani kiwepo kitu changu, nisikae kama mgeni anayesubiri kupitishiwa chumvi. Kwetu Norfolk, baba hakati nyama kabla njegere hazijafika.

Mama mkwe akanitajia mboga za Krismasi kama anayesali. Vikabichi. Karoti nyeupe za kuoka. Karoti za kawaida, zilizopondwa. Kabichi nyekundu. Mabakuli manne yenye maua ya buluu, ya marehemu mama yake. La tano hakuna, wala halitakuwepo. Nikauliza, na njegere je? Baba mkwe akaweka uma chini. Mama mkwe akasema kwa upole kwamba njegere ni chakula cha Jumatano, cha siku za kawaida, mwanangu. Edna, shangazi yake Clifford, akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza, kisha akauliza kama nitaleta na maharage ya kopo.

Basi, mboga moja itatoka, bakuli lake lichukuliwe na njegere. Nimechagua vikabichi. Vidogo kama ndimu, vichungu kama dawa, na vikichemka nyumba nzima inanuka soksi. Hakuna atakayevililia.

Jumanne, 20 Desemba

Mpango wa kwanza. Rahisi mno! Clifford aende kwa mama yake, amwambie kwamba vikabichi vinamsokota tumbo siku hizi. Nilimwomba kwa mahaba. Alikubali kwa mahaba. Nikamfunga skafu shingoni na kumbusu pua, kama askari anayekwenda vitani.

Alirudi na siagi kidevuni.

Anasema alifika, mama yake akamtazama usoni, akasema mwanangu umekonda, akampashia sahani ya vikabichi vya jana. Angefanyaje? Alikula. Akaongezwa. Nikamuuliza kama alisema lolote kuhusu tumbo. Ndiyo, alisema limeshiba.

Nimemsamehe. Ana macho yale.

Jumatano, 21 Desemba

Nimekwenda mwenyewe. Nikamweleza mama mkwe, kwa masikitiko makubwa, kwamba vikabichi vya madukani mwaka huu ni vibovu. Vina wadudu. Mwanamke mmoja sokoni alikuta konokono mzima. (Mwanamke huyo ni mimi, na konokono sikumkuta.)

Mama mkwe akaniuliza, vya madukani vinatuhusu nini? Baba mkwe akainuka, akavaa kofia, akaniambia njoo binti. Nikapelekwa mpaka kwenye bustani za kukodi nyuma ya kanisa, ambapo nusu ya mtaa hulima. Vikabichi vyake mwenyewe! Mistari mitatu, mashina yanafika kiunoni, vimeshikana shinani kama shanga. Alivipanda mwezi wa nne. Havichumwi mpaka mkesha wa Krismasi, maana lazima vipigwe na jalidi, ile baridi ya kugandisha, ndipo vipate utamu. Aliviongelea kama mtu anayeongelea wajukuu.

Juu yake wavu. Nikauliza wa nini. Akasema njiwa, binti yangu, mashetani wenye mabawa. Wakipata upenyo mdogo tu, asubuhi utakuta mifupa.

Nilitikisa kichwa kwa huzuni. Moyoni, kengele za harusi!

Alhamisi, 22 Desemba

Saa sita mchana watu wa bustani hurudi makwao kunywa chai. Nilikwenda na kikapu, kama mwanamke mwenye shughuli. Nikainua pembe moja ya wavu, nikaiegemeza juu ya tofali. Sikuwakaribisha njiwa. Niliacha mlango wazi tu. Na kama nilimwaga makombo ya mkate kuanzia njiani mpaka mlangoni, huo ni ukarimu. Baridi kali, nao ni viumbe wa Mungu.

Njiani kurudi niliteleza kwenye barafu, nikakaa juu ya vitunguu vya jirani yao, Bwana Ogden. Yeye na baba mkwe hawajasemezana tangu walipogombania samadi. Nilivisimamisha upya. Vinaegemea kidogo upande mmoja.

Clifford ameuliza mbona nina matope nyuma. Nikamwambia mapenzi. Hakuuliza tena.

Ijumaa, 23 Desemba

USHINDI!

Njiwa wamekula kila kitu. Majani, vikabichi, vyote. Yamebaki mashina kama miavuli iliyopigwa na upepo. Tulikuwa kwa mama mkwe baba mkwe alipoingia. Aliketi na kofia yake kichwani. Chai ikapoa mbele yake. Akasema ni kosa lake, hakukaza wavu vizuri, uzee huu. Mama mkwe akamshika mkono.

Hapo nikalia. Machozi ya kweli! Sikuyapanga. Mama mkwe akaniona, akanikumbatia, akasema kumbe mtoto huyu ana moyo. Kisha akavuta pumzi ndefu na kusema basi, lazima kuwe na kitu cha kijani mezani. Lete njegere zako, mwanangu.

Njegere zangu! Katika bakuli la bibi yake Clifford! Nilijisikia vibaya kwa ajili ya baba mkwe mpaka kwenye kona ya barabara. Kisha Clifford akanizungusha mbele ya duka la nyama, watu wakapiga makofi, nikasahau.

Jumamosi, 24 Desemba

Habari imeenea. Laiti ningejua watu wa bustani walivyo!

Tumefika asubuhi na njegere zangu, tukakuta shina la vikabichi limeegemezwa mlangoni kama mtoto aliyetupwa. Halafu la pili. Akaja mchungaji na mfuko. Akaja mama wa posta na ndoo. Kila aliyelima amechuma vya kwake kumletea mwenzao aliyefikwa na msiba. Mwisho Bwana Ogden mwenyewe, kavua kofia, na gunia zima begani. Akasema bila kumtazama baba mkwe kwamba njiwa hawana adabu. Baba mkwe akajibu kwamba kweli, hawana. Kisha wakashikana mikono kwa muda mrefu mno, wanaume wawili, pua nyekundu. Shangazi Edna alilazimika kukaa.

Mama mkwe akaamua. Wote hawa watapita kesho kwa glasi ya divai tamu, na kila mmoja atachungulia mezani. Haiwezekani mtu akose kuona vyake. Karoti nyeupe, hapana. Karoti za kupondwa, hapana. Kabichi nyekundu, hapana. Mabakuli yote manne, vikabichi!

Njegere? Zimerudi kwenye friza. Zitafaa Jumatano, amesema.

Nimeshinda nikivimenya na kukata msalaba kwenye kitako cha kila kimoja, ili kiive mpaka ndani. Vidole vyangu vinanuka kama soksi za wiki nzima. Clifford amevibusu kimoja kimoja. Huyu ndiye mume!

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi njema kwangu.

Kofia za karatasi, bata mzinga, na milima minne ya kijani. Wakapita wageni mmoja mmoja, kila mmoja akanyoosha kidole: vile pale ni vyangu. Bwana Ogden alibaki kula. Alisema mtu fulani amekalia vitunguu vyake. Nilikohoa.

Kisha baba mkwe akasimama na glasi. Akasema katika maisha yake hajapata Krismasi kama hii, na anawashukuru njiwa. Mama mkwe naye akasimama, jambo ambalo hafanyi. Akasema alimwona mkwewe akivililia vikabichi kama mtu wa damu yake, na jana akivimenya mpaka vidole vikapasuka. Kwa hiyo kuanzia leo vikabichi vya Krismasi katika nyumba hii viko mikononi mwangu. Kila mwaka. Mpaka nitakapomrithisha mkwe wangu mwenyewe.

Wote wakapiga makofi. Hata Edna. Nikapewa kijiko kikubwa. Nikapakua. Nikala. Nikaongezwa, kwa heshima.

Jumanne, 27 Desemba

Jana vikabichi vya kukaangwa na viazi. Leo supu yake.

Leo Clifford ameniambia, ameshika mkono wangu, kwamba hata yeye njegere hajawahi kuzipenda sana. Maskini, amechoka na sikukuu. Sijali. Nampenda zaidi ya jana.

Nimefikiri kwa utulivu na kosa langu nimeliona. Nilifungua bustani moja tu. Zile nyingine zote nikaziacha zimefungwa! Ndiyo maana wakapata vya kuleta. Mtu hujifunza. Na sasa mwenye dhamana ya vikabichi ni mimi. Nani atamshuku mlinzi?

Njiwa wana mipaka yao. Lakini ng'ambo ya mto yuko Bwana Threlfall, mzee mpweke, anayefuga mbuzi. Nasikia wanatoboa uzio wowote, na wanakula mpaka mashina; Krismasi ijayo watanifaa. Nitamwokea keki. Nimemwandikia kadi, imekwenda na posta ya leo: asitoke, mimi na kikapu changu tutakuwa mlangoni kwake kabla mwezi huu haujaisha.