Puto Letu na Ahadi Isiyochanika

Jumatatu, 3 Juni
Alfajiri nyeupe. Puto letu juu ya ziwa Mälaren, Stockholm yote imelala chini kama paka. Mshirika wangu Gunvor anashika moto wa kulipaisha, mimi nimeshika ndoto. Ah, lingekuwa langu peke yangu! Tulipotua nikamwambia ushirika wetu sasa basi, tugawane. Akauliza nani achukue kikapu, nani achukue kitambaa. Mjeuri! Anataka twende kwa Bi Ragnhild, msuluhishi tuliyemtaja kwenye mkataba. Bibi yule haoti ndoto. Nina hakika.

Jumatano, 5 Juni
Dawa imepatikana! Nimeuchana mkataba wote, na kifungu cha msuluhishi humohumo. Vipande nikavirusha dirishani, vikaelea taratibu, theluji ya kiangazi. Nikamwarifu Gunvor, akanipigia simu. "Sixten we, hewa ya puto imekupanda kichwani!" Mwache acheke. Nimefungua kesi mahakamani.

Jumatatu, 26 Agosti
Balaa! Gunvor kamwambia hakimu kuwa tuliahidiana kwenda kwa msuluhishi, si kortini. Nikasimama kwa madaha: mkataba umekufa, mheshimiwa, na ahadi imekufa nao. Hakimu, mama mpole, akatikisa kichwa. Akasema ile karatasi ilibeba mikataba miwili. Mmoja wa puto: nani arushe, nani atunze. Huo ukivunjika, umevunjika. Wa pili ni ahadi ya usuluhishi, nao umewekwa kwa ajili ya siku hiyohiyo ya kuvunjika. Hauzikwi na mwenzake. Hata swali la kama mkataba umekufa ni la Bi Ragnhild! Kesi ikatupwa. Nje, mawingu mazuri ajabu. Nikayatazama mpaka nikapitwa na basi.

Jumamosi, 14 Septemba
Bi Ragnhild kampa Gunvor puto. Eti mimi nililisahau kwenye mvua msimu mzima. Na uamuzi wake haukatiwi rufaa! Nikajifungia ndani. Jioni Gunvor akabisha na mikate ya mdalasini. "Toka huko, bwana ndoto. Nikishika moto, nani ataniangalizia mawingu?" Nikatoka. Tukapaa. Visiwa vikaelea kwenye dhahabu, nikamsamehe kila mtu, hata bibi yule.

Hukohuko juu wazo likanishukia: nyambizi! Mimi na Gunvor, nusu kwa nusu, chini ya ziwa. Akaguna, akauliza tukigombana tena je. Sisi? Tugombane? Nikamwambia aandike mkataba apendavyo, nitatia sahihi tukitua. Kuusoma sitausoma. Jua lilikuwa zuri mno.