Kufuli la Baraza kwenye Mlango wa Shemeji Yangu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Baraza la Madaktari wa Mifugo.

Kuhusu: Kuonewa kwa Dokta Tuone

Mheshimiwa,

Natumaini hujambo, wewe na wajumbe wako wote, na ng'ombe wenu pia kama mnao. Mimi ninaye mmoja tu. Ana mimba, siku zake zimewadia, na nyumba yangu nzima inaishi kwa maziwa yake. Ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia.

Wiki iliyopita mkaguzi wenu alifika mtaani kwetu akatia kufuli kwenye duka la dawa za mifugo la shemeji yangu, kaka wa mke wangu, eti anatibu wanyama bila kusajiliwa. Mtaa humwita Dokta Tuone, kwa sababu ukimuuliza kama mnyama atapona, hujibu, "Tuone." Tangu siku hiyo amehamia kwangu na mkoba wake wa sindano, na kutwa anamzunguka ng'ombe wangu. Nikitaja daktari mwingine, mke wangu huniuliza, "Kwani kaka yangu ana kasoro gani?" Mimi sijui kasoro yake. Mnaoijua ni ninyi, nami napinga kama ifuatavyo:

1. Mkaguzi alidai cheti. Shemeji akampa cheti, tena chenye muhuri na picha ya jogoo. Mkaguzi akasema, "Mzee, hiki ni cha kuhudhuria semina ya ufugaji wa kuku." Sasa mheshimiwa, aliyehudhuria si amehudhuria? Wajumbe wako wangapi wana ushahidi kwamba darasani walikuwepo?

2. Kanuni zenu zinasema daktari huchunguzwa akilalamikiwa. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyewahi kumlalamikia shemeji. Mbuzi wa jirani yangu, fundi cherehani, wametulia kabisa tangu awadunge. Hata mlio hatuusikii.

3. Kuhusu chanjo ya kuku aliyoianika juani ipate nguvu. Mkaguzi alishika kichwa: "Chanjo inakaa kwenye baridi, mzee! Juani inakufa!" Shemeji akamjibu kwa utulivu wa kitaalamu, "Na kuku akipata mafua kwa hiyo baridi yako, utampangusa pua wewe?" Nilitegemea hoja hiyo iletwe kwenu ijadiliwe na wataalamu. Badala yake likatoka kufuli.

4. Ng'ombe wa mwalimu mstaafu. Shemeji alitangaza kwamba ana mimba, na mimba hiyo anayo hadi leo, mwaka wa pili sasa. Mwalimu akawashtakia ninyi, nanyi mkamjibu kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Jamani! Kati ya madaktari wenu waliosajiliwa, ni nani amewahi kutunza mimba muda wote huo bila kuharibika?

5. Mkaguzi alituachia bango: "Tumia daktari aliyesajiliwa pekee." Tunaye. Ofisi yake ina pazia safi na kiti kisichochakaa. Nilipokwenda kumuulizia, mlinzi aliniambia, "Dokta yuko kwenye mkutano wa kupinga madaktari feki." Kesho yake nikarudi. "Bado wanawapinga." Naomba kuelimishwa: huyu anafanya kazi bila kibali, yule ana kibali bila kufanya kazi. Mbona kufuli limeenda kwa mmoja?

6. Mkianza hivi mtaishia wapi? Kesho mtataka kinyozi ajue kunyoa, fundi bomba aweze kuzuia maji, na anayesimamia madaktari wa mifugo awe aliwahi kukanyaga zizini. Nani atabaki kazini?

Kwa hiyo naomba shemeji afunguliwe duka, asajiliwe bila mtihani (mitihani humpandisha presha), na apewe kiti kwenye kamati yenu ya nidhamu. Kila shauri atalijibu "Tuone", jibu ambalo hata sasa mnalitoa, ila kwa kurasa nyingi.

Nisalimie makamu wako, katibu, mkaguzi na watoto wake, na mlinzi wa ile ofisi yenye pazia.

Wako anayeheshimu Baraza na ukoo wa mkewe kwa kiwango kimoja,

Mfugaji wa ng'ombe mmoja

N.B. Mke wangu na kaka yake wameisoma barua hii mpaka hapo kwenye sahihi, wameipenda, wametoka. Sasa naandika mbiombio. Ng'ombe ameanza uchungu. Shemeji amekunja mikono ya shati, na ameniuliza, kwa sauti ya chini ili dada yake asisikie, kama ndama hutanguliza miguu ya mbele au mkia. Mheshimiwa, futa namba moja mpaka sita. Mwenye pikipiki aliyewaletea barua hii anasubiri hapo nje ya ofisi yenu, na nimemwambia asithubutu kurudi bila daktari aliyesajiliwa, hata kama itabidi ambebe na kiti chake.