Waraka wa Kulala Chali

Umma unataarifiwa kwa fahari kuu kwamba Kamati ya Kuhakiki Kuzirai kwa Wazee, ghorofa ya tisa, Upper Hill, imekomesha kabisa kuzirai kiholela. Tangu Januari, hakuna mzee hata mmoja aliyezirai mbele yake.

Utaratibu ni rahisi. Mzee anayetaka kupimwa kwa nini anazirai lazima kwanza azirai mbele ya wanakamati watatu, saa za kazi, akiwa ameketi. Nyanya yangu, Shosho Nyakio wa Uthiru, ameanguka jikoni mara mbili na kanisani mara moja, akavunja mkono wake na moyo wa mhubiri. Mbele ya kamati, ng'o.

"Shosho, jaribu basi," karani Millicent alimsihi tulipofika mara ya nne.

"Nianguke nikiambiwa? Kwani mimi ni serikali?"

"Haya, rudi Jumanne."

Lornah, muuguzi wa zahanati yetu, alisikitika. "Ni kitu ya dakika kumi. Alale, nimpime presha. Asimame, nimpime tena. Lakini mashine yangu kamati ilichukua kuihakiki. Iko kwa kabati yao tangu Pasaka."

Mimi ni mwanafunzi wa bweni, niko likizoni, na ninaheshimu taratibu. Kwa hiyo nilishangaa kama wengine kamati ilipopokea waraka kutoka juu: Jumanne saa nne, muuguzi Lornah awapime wanakamati wote, kwanza wakiwa wamelala, kisha wakiwa wamesimama, ndipo wazee wahudumiwe. Hakuna aliyeuliza huko juu ni wapi. Ulikuwa na muhuri.

Jumanne, Mwenyekiti Muigai, miaka sitini na tisa, mkataba umeongezwa mara nne, alilala chali juu ya meza ya mikutano, tai shingoni. Lornah akatoa mashine kabatini, akaipuliza vumbi, akapima.

"Sasa simama, mzee."

Alisimama kwa hadhi. Akafungua mdomo atoe hotuba. Akaporomoka. Wanakamati wawili wakamdaka na kumlaza kwenye zulia.

"Amezirai mbele ya kamati, saa za kazi!" mmoja akashangilia.

"Lakini hakuwa ameketi," Millicent akasema, kalamu mkononi. "Huyo hahesabiki."

Walipokuwa wakijadili, Lornah alimlaza Shosho juu ya meza ileile. Akiwa amelala, mia moja hamsini. Aliposimama, akinishika bega, mia moja na tano.

"Ndio hii! Presha inashuka akisimama. Leo leo daktari aangalie dawa zake."

Mwenyekiti, angali zuliani, aliagiza aletewe waraka. Akasoma mstari wa mwisho kwa sauti: "Atakayekaidi atafyeka nyasi nyuma ya bwalo."

Akainua kichwa.

"Millicent, ni wizara gani iliyo na bwalo?"

Macho yote yakatua kwenye sweta yangu ya shule.

"Ni mimi, mzee."

"Na muhuri?"

"Wa maktaba ya shule, mzee."

Daktari alimpunguzia Shosho dawa, hajaanguka tena. Mimi nafyeka nyasi za Mwenyekiti huko Lavington, naye ananisimamia kutoka barazani. Nikiacha kipande, anataka kuja kunifokea, lakini naye amekatazwa kuinuka ghafla. Anakaa ukingoni mwa kiti, anahesabu hadi sitini. Akifika hamsini, mimi niko nyuma ya nyumba.

Nakiri pia kwamba vipande hivyo naviacha makusudi.