Jenerali Aliyefufuka

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimeirudia ile filamu mara nne kwenye banda la video la Erasmus. Vita ni vya mwaka 1943, shujaa anapaa angani, na mkononi kavaa saa ya namba zinazowaka! Bandeji iko mkono wa kulia. Akigeuka, iko kushoto. Jenerali analipuliwa na bomu, anazikwa, nusu saa baadaye anakunywa chai. Na Danford, anayetutafsiria filamu, kakaa na maiki yake, makosa hayo hayagusi. Nimeandika makosa kumi na saba. Maiki ile itakuwa yangu.

Jumatano, 4 Juni

Nimempelekea Erasmus orodha. Akaniuliza kama sina shamba. Ninalo, limejaa magugu. Nikaahidi kuziba kila tundu la hadithi. Kanipa Ijumaa, saa kumi alasiri. Nikiweza, nachukua nafasi ya Danford moja kwa moja. Danford kanitakia heri. Wivu mtupu!

Ijumaa, 6 Juni

Banda lilifurika. Saa nikaiita hirizi. Bandeji, nikasema vidonda viwili. Watu wakaguna, wakakubali. Raha niliyoipata! Akatokea jenerali na chai yake. Nikatangaza kwa kishindo kwamba aliyekufa alikuwa Kulwa, na huyu ni pacha wake, Doto.

Bibi Tereza, benchi la mbele, akauliza mbona Doto hakuonekana kwenye maziko ya nduguye. Nikasema alikuwa vitani. Akasema vita si ndivyo hivi hivi, na kaburi si lile pale? Mwingine akataka kujua matanga yameanuliwa lini, mpaka huyu anakunywa chai huku anacheka. Nikasema ndugu hao waligombania shamba.

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Banda zima likagawanyika: shamba ni la Kulwa au la Doto? Shujaa akabaki anapaa peke yake, hakuna anayemtazama. Erasmus akazima jenereta.

Jumapili, 8 Juni

Danford karudishiwa maiki. Jenerali alipotokea, Danford akasema tu kwamba alipona. Alipona! Na kaburi je? Watu wakapiga makofi, Bibi Tereza wa kwanza. Nimeumia, nakiri.

Lakini nimekaa, nimetafakari, nimeliona kosa langu. Doto alikuwa karibu mno na marehemu. Ningesema ni Shija, mdogo wao aliyewafuata mapacha: anaishi mbali, habari za msiba hazikumfikia. Kesho asubuhi naenda kwa Erasmus. Magugu yatasubiri.